Kipimo na Makubaliano: Kazi na Stadi za Mtaalamu wa Misitu katika Wilaya ya Kilolo, Mkoani Iringa

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kilolo huanzia chini, katika bonde la Ruaha Mkuu lenye joto, mibuyu na mashamba ya vitunguu, hupanda hadi nyanda za baridi za Dabaga na Bomalang'ombe, kisha huporomoka tena upande wa mashariki kupitia safu za Udzungwa kuelekea Bonde la Kilombero. Mpando huo umezaa misitu ya aina tatu. Katika sehemu za chini na za kati ipo miombo, ambako hutoka mkaa, asali na kuni. Kwenye kingo za milima ipo misitu ya asili yenye unyevunyevu, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Katika nyanda za juu yameenea mashamba ya miti ya kupandwa, hasa misindano na mikaratusi ambayo wenyeji huiita milingoti. Mengi ya mashamba hayo ni ya wakulima wadogo wenye ekari moja, mbili au tano.

Makala haya yanaeleza kazi ya mtaalamu anayehudumia misitu hiyo yote, pamoja na stadi zinazomwezesha kuifanya. Maandishi mengi kuhusu taaluma ya misitu huorodhesha majukumu yake kwa mfuatano: kuotesha, kupanda, kulinda, kuvuna. Orodha hiyo si ya uongo, ila haionyeshi ni stadi ipi inayobeba nyingine. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba stadi hiyo ni upimaji, na kwamba katika mazingira ya Kilolo kipimo hakina nguvu mpaka mwanakijiji aweze kukielewa, kukirudia kwa mikono yake, na kukitumia dhidi ya mtu mwingine, akiwemo mtaalamu mwenyewe.

2.0 Bwana Misitu na historia ya jina lake

Vijijini mtaalamu huyu huitwa Bwana Misitu, na jina hilo hutumika hata pale ofisa anapokuwa mwanamke. Jina limebeba historia. Msitu wa Hifadhi wa Udzungwa Scarp ulitangazwa mwaka 1929, wakati wa utawala wa Waingereza, na kwa vizazi kadhaa Bwana Misitu alijulikana kwa wanavijiji wa kandokando kama mtu wa kuzuia: anayekamata shoka, anayetoza faini, anayejua mpaka ulipo kuliko mwenye shamba. Ndani ya misitu hiyo yamo makaburi ya wazee na mahali pa matambiko pa Wahehe. Kwa hiyo mpaka uliochorwa na serikali haukugusa kuni na nguzo peke yake. Uligusa pia njia ya kuwafikia wahenga.

Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 zilibadili msingi wa uhusiano huo. Sheria ilitambua misitu ya hifadhi ya vijiji, ikakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo na kubaki na mapato ya msitu wake. Aidha, ilifungua njia ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji katika misitu ya hifadhi ya Taifa. Bwana Misitu aliyefunzwa kulinda alitakiwa sasa kushauri, kupatanisha na kufundisha. Kwa upande wa muundo, kazi imegawanyika. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulioanza kazi mwaka 2011, husimamia misitu ya Serikali Kuu, ilhali Halmashauri ya Wilaya ina maofisa wake wanaohudumia wakulima na misitu ya vijiji. Mwanakijiji haoni mgawanyo huo kwa urahisi. Akimwona mtu mwenye utepe wa kupimia na daftari, kwake huyo ni Bwana Misitu tu, na makosa ya mmoja hulipwa na mwingine.

Wengi wa wataalamu hawa hupitia Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1937, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako shahada ya misitu ilianza kutolewa mwaka 1973, wakati chuo hicho kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafunzo hayo huwapa wahitimu hesabu, utambuzi wa mimea, sayansi ya udongo na sheria. Namna ya kuingia katika mkutano wa kijiji, kusalimia kwa "kamwene" na kungoja wazee wamalize kuulizana habari kabla ya kufungua daftari, hujifunzwa kazini.

3.0 Utepe mlimani

Kipimo cha kwanza cha taaluma hii ni kipenyo cha mti katika kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Sentensi hiyo ni rahisi kuandika, lakini katika miteremko ya Kilolo kila neno lake lina mtego. "Ardhini" ni wapi, ikiwa upande mmoja wa mti uko juu kuliko mwingine kwa nusu mita? Kanuni ni kusimama upande wa juu wa mteremko na kupima kutoka hapo. Mti ukigawanyika chini ya mita 1.3 huhesabiwa kuwa miti miwili, na ukigawanyika juu yake ni mmoja. Mti wa asili wenye mizizi iliyotanuka kama kuta hupimwa juu ya pale mitanuko inapoishia, na kimo kilichotumika huandikwa, ili atakayerudi miaka mitano baadaye apime palepale.

Umbali nao una mtego wake. Viwanja vya sampuli hupimwa kwa umbali wa mlalo, kama ramani inavyosoma, siyo kwa urefu wa utepe uliolala juu ya ardhi. Katika mteremko wa nyuzi 30, anayetaka nusu kipenyo ya mita 15 anapaswa kuvuta utepe hadi mita 17.3. Akisahau na kuvuta mita 15 kote, kiwanja chake kitakuwa na eneo dogo kwa takribani asilimia 13 kuliko alivyoandika kwenye fomu. Kosa hilo halionekani papo hapo, kwa kuwa miti iliyohesabiwa ni ya kweli na fomu imejaa. Lakini kama kikosi cha kwanza kilisahihisha mteremko na cha pili hakikusahihisha, taarifa itaonyesha kwamba msitu umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya miti yake bila shoka hata moja kuingia. Kijiji kinaweza kulaumiwa kwa hasara iliyotokea kwenye karatasi peke yake.

Ndiyo maana tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, iliyofanyika Tanzania Bara kati ya mwaka 2009 na 2014 na kukadiria kuwa nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, iliweka muda mwingi katika kufundisha vikosi namna moja ya kupima na katika kurudia viwanja vilivyokwisha kupimwa. Tathmini ya namna hiyo hutoa picha ya taifa. Haiwezi kumwambia mkulima wa Kidabaga kilichomo katika ekari yake.

Urefu wa mti hupimwa kwa kifaa cha kusoma pembe, lakini ipo njia ya zamani isiyohitaji kifaa, na mtaalamu mzuri huifundisha kabla ya kutoa kifaa mfukoni. Mtu hushika kijiti kilicho wima, chenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi ya mkono ulionyooshwa. Kisha hurudi nyuma mpaka ncha ya chini ya kijiti ilingane na shina la mti, na ncha ya juu ilingane na kilele. Umbali kutoka aliposimama hadi kwenye mti ndio urefu wa mti. Kwenye mteremko njia hii hukosea, na fundi atasogea kuzunguka mlima hadi asimame karibu usawa mmoja na shina. Thamani yake kubwa ni kwamba mtoto wa darasa la sita anaweza kuirudia baba yake akiwa anatazama.

4.0 Mti unaouzwa ukiwa umesimama

Katika nyanda za juu za Kilolo, maamuzi mazito zaidi kuhusu miti hufanyika kando ya shamba, kati ya mkulima mwenye shida na mnunuzi mwenye haraka. Mnunuzi hupita shambani, hutazama juu, hutazama chini, hutaja bei ya shamba zima. Hakuna aliyepima. Mnunuzi amepita katika mashamba mengi na macho yake yamezoea. Mkulima huuza mara moja au mbili katika maisha yake. Makadirio ya macho ya pande hizi mbili hayawezi kulingana, na tofauti hiyo humwangukia mwenye shamba.

Hesabu ifuatayo, ambayo ni mfano tu, huonyesha kinachopotea. Ujazo wa shina hukadiriwa kwa kuzidisha eneo la mkato wa shina katika kimo cha kifua kwa urefu wa mti, kisha kwa kizidisho cha umbo, kwa kuwa shina hupungua unene kuelekea juu. Kizidisho kikichukuliwa kuwa 0.45, msindano wenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa mita 11 una ujazo wa takribani mita za ujazo 0.09. Mti huohuo ukifikia kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 18 unakuwa na mita za ujazo 0.40. Jicho linaona mti uliongezeka unene kwa sentimita 10. Hesabu inaona mti uliozidi ujazo mara nne na nusu, kwa sababu kipenyo huingia katika hesabu kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe. Tena, gogo la sentimita 15 hutoa papi na vipande vidogo; gogo la sentimita 25 hutoa mbao za kenchi na mbao pana, ambazo bei yake kwa kila futi si ileile.

Kosa jingine hutokea hata kwa waliojaribu kupima. Mkulima hupima miti kadhaa, hutafuta wastani wa vipenyo, kisha hukokotoa. Shamba lenye mti wa sentimita 10 na mwingine wa sentimita 30 lina wastani wa sentimita 20, lakini wastani wa maeneo ya mikato yao ni mkubwa kuliko eneo la mti wa sentimita 20 kwa robo nzima. Mashamba ya wakulima wadogo, yaliyopandwa kwa mbegu mchanganyiko na kujazwa mapengo mwaka hadi mwaka, yana tofauti kubwa za vipenyo, hivyo kosa hili huwaumiza wao kuliko wenye mashamba makubwa. Dawa yake ni nyepesi: kila mti ukokotolewe peke yake kwanza, wastani utafutwe baadaye. Kwa shamba la ekari moja, mtaalamu humshauri mkulima ahesabu miti yote, kisha apime mmoja katika kila miti kumi na mitano kwa kufuata mistari, bila kuchagua ile mizuri. Kazi hiyo humalizika kwa asubuhi moja, watu wawili wakishirikiana.

Mafunzo ya chuoni humwelekeza mtaalamu kusema: "Ngoja." Katika mashamba ya serikali, misindano ya mbao kwa kawaida huachwa kwa miaka 18 hadi 25. Mkulima wa Kilolo huuza mapema zaidi, na sababu zake zinajulikana na kila mtu kijijini: karo ya shule, hospitali, msiba. Kumwambia mtu mwenye mgonjwa kwamba mti wake haujakomaa ni kweli isiyomsaidia. Hapa ndipo stadi ya upunguzaji wa miti inapokuwa na maana isiyoelezwa vya kutosha vitabuni. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 lina miti takribani 450 kwa ekari. Lililopandwa mita 2 kwa 2, kama wengi wanavyofanya, lina zaidi ya 1,000, na miti hiyo huanza kunyang'anyana mwanga na maji mapema. Kuna miti ambayo lazima itoke ili mingine inenepe. Miti hiyo ya kutoka ndiyo inayoweza kulipa karo.

Tatizo ni ipi itoke. Mnunuzi akiachiwa kuchagua, atachukua iliyonyooka na minene, na kumwachia mkulima vijiti vilivyopinda ambavyo ndivyo vitakavyotoa mbegu za kizazi kijacho. Mkulima mwenyewe husita kukata mti mdogo aliouhangaikia. Mtaalamu hupita mstari kwa mstari akiweka alama kwenye miti ya kutoa: iliyopinda, iliyogawanyika, iliyozidiwa na majirani, yenye ugonjwa. Kisha humtaka mkulima aendelee na mistari inayofuata yeye akiwa nyuma yake. Alama ya rangi iliyowekwa kabla ya mnunuzi kufika ni mkataba ambao hata asiyesoma anaweza kuusimamia.

Baada ya kuangushwa, gogo hukutana na misumeno ya duara inayohamishika, ambayo katika Nyanda za Juu Kusini huitwa "dingdong". Mashine hizi hufika mahali ambapo kiwanda hakifiki, na kwa hilo zimewasaidia wengi, lakini meno yake mapana hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi na mabanzi. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwaka 2014, ulishughulikia pande zote mbili, mbegu bora na uchakataji bora, na kituo cha mafunzo cha Mafinga kimekuwa kikifundisha waendesha misumeno pamoja na wakulima. Hata hivyo, mafunzo ya namna ya kuuza yana nafasi ndogo kuliko mafunzo ya namna ya kupanda, jambo ambalo si rahisi kulitetea kwa wilaya ambayo watu wake wamekwisha kupanda.

5.0 Kitalu, maji na moto

Kuhusu kitalu, mengi yanafahamika. Kilolo ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, hivyo mbegu za msindano husiwa takribani miezi sita kabla ya mvua. Jambo moja husahauliwa na wanaoanza: msindano hauwezi kustawi bila aina fulani za kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake na kuisaidia kufyonza virutubisho. Kitalu kilichoanzishwa mahali pasipo na misindano kinahitaji kuchanganyiwa udongo uliochotwa chini ya shamba la misindano iliyokomaa. Miche ya manjano isiyokua, ambayo mkulima huimwagia maji zaidi na mbolea zaidi, mara nyingi inakosa kuvu hao.

Suala la maji ni gumu zaidi, kwa sababu linagusa chakula. Katika mabonde ya Kilolo wakulima hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotumia unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi na kutoa mahindi mabichi, maharage na mboga katika miezi ambayo mlimani hakuna kitu. Milingoti ilipoanza kuleta fedha, baadhi ya wenye ardhi waliipanda hadi kandokando ya vinyungu na chemchemi. Mlingoti hukua haraka na hunywa kadiri unavyokua. Jirani wa chini huona kinyungu chake kikikauka, na ugomvi huanza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mtaalamu anaweza kuisoma hadharani na kuondoka. Anayefanya kazi yake vizuri hutembea na pande zote mbili kutoka kwenye chemchemi, akivuta utepe mbele yao hadi mita 60, na kuhesabu nao miti iliyomo. Mara nyingi idadi ni ndogo kuliko mlalamikaji alivyodhani, na kubwa kuliko mwenye miti alivyokiri. Kutokea hapo mazungumzo huwa juu ya miti hiyo na muda wa kuivuna, na miti ya asili itakayopandwa badala yake. Maji ya Kilolo yana wadai wengine walio mbali: Mto Lukosi huteremka kutoka nyanda hizi na kuingia Ruaha Mkuu chini ya Mtera, kisha huelekea kwenye mitambo ya umeme ya Kidatu. Mwenye kinyungu na mwenye taa mjini hunywea chungu kimoja, ingawa ni mmoja tu kati yao anayemfahamu mwenzake.

Moto huja Agosti hadi Novemba. Chanzo chake mara nyingi ni utayarishaji wa mashamba, urinaji wa asali au uwindaji. Kwa mashamba ya kupandwa, kazi ni kufyeka na kulima barabara za kuzuia moto kabla ya majani kukauka. Kwa miombo, ni kuchoma mapema, mwezi Juni hivi, wakati nyasi zingali na unyevu na moto unatambaa chini bila kupanda. Uchomaji wa mapema huwashangaza wengi, kwa kuwa wamefundishwa kwamba moto wote ni adui. Mtaalamu hulazimika kueleza jambo linaloonekana kupingana na mabango ya ofisi yake mwenyewe. Ugumu hasa uko kwenye mashamba ya wadogo: barabara ya moto ya mmoja haina faida kama jirani hakufyeka, na kwa hiyo vikundi vya wapanda miti vimekuwa na maana zaidi katika kuzuia moto kuliko katika kutafuta soko, ingawa viliundwa kwa ajili ya soko.

6.0 Msitu wa asili na daftari la kijiji

Katika misitu ya asili, mtaalamu haulizi ni mbao kiasi gani zitatoka. Huuliza kama msitu wa mwaka huu ni sawa na wa mwaka jana. Kujibu swali hilo kunahitaji kwanza kutambua kilichomo, na historia ya Udzungwa inawafundisha wataalamu unyenyekevu. Kwale wa Udzungwa alitambuliwa na sayansi mwaka 1991, baada ya watafiti kuona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya chungu cha kitoweo kambini. Kipunji, nyani wa milimani aliyepatikana Rungwe mwaka 2003, alionekana pia katika msitu wa Ndundulu, upande wa Kilolo, mwaka 2004. Huko Rungwe wawindaji walikuwa na jina lake kabla ya mtafiti yeyote kumwona. Mtaalamu anayeingia msituni bila mzee wa kijiji anajinyima kamusi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa Matumizi Endelevu ya Misitu ya Asili, uliofahamika kama MEMA na kufadhiliwa na Denmark, ulifanya majaribio ya usimamizi shirikishi mkoani Iringa, ukiwemo msitu wa New Dabaga-Ulang'ambi. Jambo la kudumu lililojaribiwa ni ufuatiliaji uliofanywa na wanavijiji wenyewe. Wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji walizunguka msituni, wakaandika walichokiona: visiki vipya, nguzo zilizokatwa, mitego, matanuru, dalili za wanyama, vibali vilivyotolewa. Fomu zilikuwa fupi. Kwa macho ya mtaalamu wa takwimu, data hizo zina upungufu: njia za doria hazikuchaguliwa kwa kubahatisha, na bidii ya doria hubadilika msimu hadi msimu. Upungufu huo una dawa ya sehemu, ambayo ni kuandika saa za doria na njia iliyopitwa, ili visiki vihesabiwe kwa kila saa ya kutembea. Visiki kumi katika doria tatu si habari sawa na visiki kumi katika doria thelathini.

Faida yake ni kwamba taarifa hukaa pale pale uamuzi unapofanyika. Kamati ikiona visiki vimeongezeka upande fulani wa msitu, inaweza kuhamisha doria wiki inayofuata. Taarifa ya kitaalamu ya Morogoro au Dar es Salaam ingefika msimu mwingine. Kazi ya Bwana Misitu katika mpangilio huu ni kuwa mkaguzi wa daftari: kuchagua sehemu chache, kuzirudia mwenyewe, na kulinganisha. Anapokuta tofauti, hupaswa kuisema mbele ya kamati, na kukubali pia kwamba huenda aliyekosea ni yeye.

Upimaji huu uligonga ukuta mahali ambapo hesabu haikuwa tatizo. Katika usimamizi wa pamoja wa misitu ya serikali, vijiji vilibeba doria, mikutano na uhasama wa majirani waliokamatwa. Mgao wao wa mapato ulibaki bila kuainishwa kwa miaka mingi, na mikataba katika sehemu nyingi za nchi ilikaa bila kusainiwa upande wa serikali. Kwa msitu wa kijiji swali hilo lilikwisha kujibiwa na sheria: mapato ni ya kijiji. Kwa msitu wa hifadhi ya Taifa, hasa msitu wa vyanzo vya maji usioruhusiwa kuvunwa, hakuna gogo la kuuza. Kilichopo cha kugawana ni faini, vibali vidogo na ahadi. Mjumbe wa kamati aliyeacha kinyungu chake kwa siku mbili kila mwezi hujua hesabu ya siku hizo, hata kama hazimo katika fomu.

Baadhi ya wataalamu wameanza kuziingiza. Katika safu ya pembeni ya daftari huandikwa idadi ya waliokwenda doria na saa walizotumia, awali kwa ajili ya kusahihisha hesabu ya visiki, kama ilivyoelezwa. Zikijumlishwa mwishoni mwa mwaka, saa hizo hutoa kitu kingine: kiasi cha kazi ambacho kijiji kimewekeza katika msitu ambao si wake. Namba hiyo haimo katika mpango wa usimamizi wala katika rasimu za mikataba. Imo ofisini kwa mtendaji wa kijiji, katika mwandiko wa katibu wa kamati, na wanaoketi kuzungumzia mgao wanaweza kuifungua.